Mkulima hakuzi mihogo

Mama mmoja wa Kisauni ameniandikia: "Asalaam aleikum, Maalim. Binti yangu wa Gredi ya 7 aliandika katika insha, 'Bibi anakuza mihogo na babu anakuza ndevu.' Mwalimu amezikata zote mbili kwa kalamu nyekundu bila ya maelezo. Nimefungua kamusi, nikakuta neno la Kiingereza 'grow' limeandikiwa kua na kuza. Kosa la mtoto liko wapi? Na hilo 'grow' lenyewe limetoka wapi?"

Waaleikum salaam, mama. Nianze na la mwisho kwa kuwa halina maneno mengi. "Grow" ni neno la kale la jamii ya lugha za Kijerumani, na limezaliwa tumbo moja na "grass", yaani nyasi, na "green", rangi ya kijani. Zamani lilikuwa zaidi la mimea. Watu na wanyama walikuwa na kitenzi chao, "wax", ambacho leo Waingereza wamekiachia mwezi unapoelekea kupevuka. Kwa karne nyingi ni mmea wenyewe uliofanya kitendo hicho. Mwingereza kujitia yeye mbele, akawa yeye mtendaji na ngano ikawa yatendwa, ni mtindo wa karne ya 18. Na Bill Clinton alipoomba kura mwaka 1992 akiahidi kuukuza uchumi kwa kitenzi hichohicho, wako wenye Kiingereza chao waliokunja uso.

Huo ndio mtindo tuliouchukua sisi, tena bila ya kuuliza. Kila jioni redioni nasikia "wakulima wanaokuza mahindi", "maeneo yanayokuza korosho", "ukuzaji wa mboga". Nimeyasikia miaka mingi na sijayazoea. Mtoto wako, mama, hakuyatunga. Amefundishwa na watu wazima wenye vipaza sauti.

Kukuza ni kukifanya kitu kiwe kikubwa kuliko kilivyokuwa. Picha ndogo hukuzwa. Jambo dogo la majirani hukuzwa mpaka likafika kwa mzee wa mtaa. Kwa hivyo ukimwambia mkulima kwamba bibi anakuza mihogo, ana haki ya kukuuliza ni mbolea gani anayoitilia hata ikanenepa hivyo. Bibi hakuzi mihogo. Bibi anapanda mihogo, au ukipenda, analima mihogo.

Chukua mnazi. Mtu wa Pwani huchagua nazi iliyokomaa, akaiacha ichipue, akaitia shimoni. Amepanda. Kinachofuata ni kupalilia, kutilia maji na kulinda mche usiliwe na mbuzi. Kukua si kazi yake hata siku moja; mnazi ndio unaoota, ndio unaokua, ndio unaozaa. Nao ukizaa, tazama lugha yetu inavyopanda nao juu: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Majina matano ya tunda moja, kila jina na umri wake! Mwambie muuza madafu wa Mwembe Tayari akukatie dafu, kisha akupe koroma: utamrudishia, naye hatabisha, kwa sababu nyote wawili mwajua tunda hilo limefika wapi. Sasa niambie, watu walioufuata ukuaji wa nazi kwa makini namna hii walisahau kumpa mkulima kitenzi chake? Walimpa kulima, kusia, kuatika, kupanda, kupalilia, kuvuna. Kila kazi ya mkono wake ina neno. Neno kukuza likiingia shambani, yote haya yanafutika na mtoto anabaki na kitenzi kimoja kisichomwonyesha jembe wala mche.

Hata kwa mtoto wa mtu, ambaye kweli twasema "shangazi ndiye aliyenikuza", wazee walipotaka kuyapima maneno walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mzazi analea, mtoto anakua. Vitenzi viwili, kila mmoja na chake.

Kua chetu, kwa ufupi, ni neno la Kibantu lililopoteza l yake njiani. Waganda bado wanasema okukula, Wazulu khula. Kwetu l hiyo hujitokeza tunaponyambua: nilikulia Kisauni. Kuu na mkuu ni ndugu zake.

Kamusi yako haikukosea, mama. Kuza lipo na lina kazi. Tunakuza vipawa, tunakuza lugha, tunakuza biashara. Uchumi nao tumekwisha kuuzoea hapo na sitapigana tena. Lakini kamusi haikumwambia mtoto kwamba "grow" moja kwetu ni maneno kumi. Mtu akiwa mzee, amezeeka. Akiwa mnene, amenenepa. Giza huingia. Jino huota, na mvi huota. Ndevu huota zenyewe, na mwenye kuziacha zirefuke anazifuga. Babu anafuga ndevu kama afugavyo kuku, kwa kuwa anazitunza na ziko chini ya amri yake. Neno zuri kama hilo mtu analitupaje akaokota "kukuza ndevu"?

Na hesabu huongezeka. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 939,370 katika kaunti ya Mombasa, ile ya 2019 ikahesabu 1,208,333. Nimesoma kwa macho yangu kwamba "watu wa Mombasa wamekua". Mji umekua, naam. Watu wameongezeka. Ukisema wamekua, umesema walikuwa watoto wote.

Mwalimu alikuwa na haki ya kukata, ila nina neno naye pia: kalamu nyekundu isiyoandika lililo sahihi pembeni haijafundisha kitu. Mwambie binti aandike upya: "Bibi analima mihogo na babu anafuga ndevu." Akitaka kuongeza kwamba mihogo hiyo imekua vizuri mwaka huu, na aongeze. Hapo kua kimekaa kwenye mhogo, mahali pake.