Igeuze Kwanza: Nilivyojifunza Kuiona Alama ya Maji kwenye Stempu za Kale

Kasha la bibi mzaa mama lilifunguliwa baada ya arubaini yake, nyumbani kwetu Mkomani, hapa Lamu. Juu mlikuwa na leso zilizokunjwa vizuri, kati chetezo kilichovunjika mguu, na chini kabisa bahasha zilizofungwa kwa uzi. Jamaa zetu wengine waliishi Unguja, wengine Mombasa, na barua zilikuwa zikija kwa njia ya bahari. Wenzangu waliziona ni karatasi kuukuu tu. Mimi niliomba nipewe, nikapewa, na tangu siku hiyo nimekuwa mkusanyaji wa stempu.

Mwaka wa kwanza nilizipanga kwa picha. Mfalme huyu ukurasa huu, sultani yule ukurasa ule. Nilikuwa na stempu mbili za Mfalme Edward wa Saba, zote za anna moja, sarafu ndogo ya enzi hizo, zote zimeandikwa East Africa and Uganda Protectorates. Kwa macho yangu zilikuwa pacha. Nikaona moja ni ya ziada, nikampa mtoto wa jirani aibandike kwenye daftari lake. Hazikuwa pacha. Moja ilikuwa ya toleo la 1903 na nyingine ya toleo lililoanza 1904, na kinachozitenganisha hakimo kwenye picha, kimo ndani ya karatasi. Sikujua kwa sababu sikuwahi kuzigeuza. Naandika haya ili wewe unayeanza leo ugeuze kwanza, ndipo upange.

Alama ya maji unaijua tayari, ila labda hujaiita hivyo. Chukua noti ya Kenya, iinue kwenye mwanga wa dirisha, utaona kichwa cha simba kimejitokeza pale ambapo juu juu pana weupe mtupu. Hakikuchapwa kwa wino. Karatasi inapotengenezwa, ikiwa bado ni rojo la nyuzi zilizolowa, hupitishiwa rola yenye maumbo ya waya. Pale waya unapogandamiza, nyuzi hupungua na karatasi huwa nyembamba kidogo. Ikikauka, wembamba ule unabaki humo maisha yake yote. Ndiyo maana ukiiangalia karatasi dhidi ya mwanga alama huonekana nyeupe zaidi, na ukiilaza ikiwa imelowa juu ya kitu cheusi, alama ileile huonekana nyeusi, kwa sababu weusi wa chini hupenya pale palipo pembamba. Jambo moja, sura mbili. Ukilielewa hilo hutababaika.

Stempu nyingi za kale utakazozikuta pwani yetu zilichapwa Uingereza kwa ajili ya makoloni, na karatasi yake ilikuwa na alama ya Crown Agents, wakala waliokuwa London wakiyanunulia makoloni mahitaji yao. Kwa hiyo utatafuta taji na herufi CA. Lakini taji hilo limebadilika umbo mara kadhaa, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Toleo la 1903 nililolitaja lina taji moja tu kwa kila stempu, herufi CA ziko chini yake, vyote vimekaa katikati. Zile za rupia, zenye thamani kubwa, zina taji na herufi CC. Kuanzia 1904 mataji yakawa madogo na mengi, yametapakaa karatasi nzima, na stempu moja hupata taji zima hapa, nusu ya taji pale, na kipande cha herufi pembeni. Kisha kuanzia 1921 herufi CA zikabadilika: badala ya kusimama wima kama za kuchapwa, zikawa za mwandiko wa mkono, zimeinama na zina mikia. Mfalme George wa Tano yumo katika karatasi zote mbili, ile ya herufi wima na ile ya mwandiko, na sura yake ni ileile.

Usijaribu kuvikariri vyote kwa pamoja. Mimi nilijaribu, nikachoka. Kilichonifaa ni kutafuta stempu ambazo alama yake haina ubishi, nikazitazama hizo peke yake kwa wiki nzima mpaka jicho likazoea. Stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika za Mfalme George wa Sita, zilizoanza kutoka 1938, zinafaa sana kwa zoezi hili. Zimetapakaa, hata zilizochakaa zinapatikana kwa bei ndogo, na zote ni za herufi za mwandiko. Ukishajua ile A yenye mkia inavyokaa, siku utakapokutana na A ya wima utashtuka mwenyewe bila kuambiwa. Jicho hufundishwa kwa linachokijua kabla ya kupelekwa kwa lisichokijua.

Kuhusu namna ya kutazama, mimi nafuata mpangilio mmoja na siuruki. Kwanza, mwanga. Stempu iliyotoka kwenye bahasha na haina gundi, naiinua kwa kibano mbele ya dirisha asubuhi. Nyumba zetu za mawe zina giza ndani, kwa hiyo napanda juu, mahali jua linapoingia kwa upande. Jua la utosini halifai, linaumiza macho na halionyeshi kitu. Stempu nyingi hujieleza hapohapo. Pili, kitu cheusi. Nailaza kifudifudi, mgongo juu, kwenye kifuniko cheusi cha mkebe, halafu nakisogeza kifuniko polepole huku na huku ili mwanga uteleze juu ya karatasi. Wakati mwingine alama huonekana kwa nukta moja tu ya kuinamisha, ikapotea tena.

Na kuna nafasi ambayo wanaoanza huipoteza kila siku. Unapoloweka kipande cha bahasha kwenye maji ili stempu ibanduke, usikimbilie kuikausha. Ikiwa bado imelowa, ilaze kifudifudi juu ya kifuniko cheusi uitazame. Mara nyingi alama itakuwa wazi kuliko itakavyokuwa tena. Maji ni ya bure na kazi ya kuloweka ulikuwa uifanye hata hivyo.

Lakini maji yana hatari zake, na hili nimelilipia. Stempu isiyotumika, yenye gundi yake ya asili, isiguse maji kabisa. Pia zipo stempu za enzi ya Malkia Victoria na Mfalme Edward, hasa za zambarau na za kijani, ambazo wino wake ulitengenezwa makusudi uyeyuke, ili mtu asiweze kuosha muhuri wa posta na kuitumia stempu mara ya pili. Nililoweka moja ya zambarau kwenye bakuli pamoja na nyingine nane, nikaenda kuswali, niliporudi maji yalikuwa na rangi na stempu haikuwa nayo. Rangi hiyo hairudi. Sasa kila ya zambarau na ya kijani ya miaka ile naiweka kando kabla ya kugusa bakuli.

Hapo ndipo njia ya tatu inapohitajika, nayo ni benzini. Watu wengi hutumia mafuta ya laita, yale ya majimaji yanayodondoshwa kwenye pamba ya laita, si gesi. Weka stempu kifudifudi kwenye kifuniko cheusi, dondosha matone mawili matatu, alama itajichora nyeusi, kisha mafuta yatakauka yenyewe kwa muda mfupi bila kudhuru gundi. Nisikilize vizuri hapa: mafuta haya hushika moto upesi na harufu yake inaumiza kichwa. Yatumie mahali penye upepo. Kwetu kuna desturi ya kufukiza udi Alhamisi jioni, na makaa ya chetezo yanatosha kabisa kuleta balaa. Kama nyumbani kumefukizwa, au jiko linawaka karibu, funga chupa na uahirishe hadi kesho. Jambo jingine, stempu za miaka ya karibuni zilizochapwa kwa njia ya fotograva zisitiwe benzini, kwa sababu wino wake unaweza kuharibika. Stempu za njano na za rangi ya chungwa zitakusumbua kwa njia yoyote utakayotumia. Usizikatie tamaa, ila usizitumie kujifunzia.

Vile vyombo vya umeme vya kutazamia alama sijanunua na kwa anayeanza sioni haja. Kibano, kifuniko cheusi, lenzi na subira vinatosha miaka miwili ya mwanzo.

Sasa nije kwenye jambo lililonipa furaha ya bure kisha likanifundisha. Nilipata stempu ya Mfalme George, nikaidondoshea mafuta, na herufi zikatokea kinyume: A kwanza, C baadaye, kama zinavyoonekana kwenye kioo. Nilikuwa nimesoma kwamba alama iliyogeuka huwa adimu na wakusanyaji huitafuta. Usiku ule sikulala vizuri. Kesho kutwa yake nilikuwa na safari ya Malindi, nikaichukua hadi kwa mzee mmoja ambaye amekusanya stempu tangu ujana wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nionyeshe hiyo ajabu yako."

Akaitazama, akaniuliza, "Wewe unaitazama kwa mbele au kwa mgongo?"

"Kwa mgongo, mzee."

"Basi nayo inakusoma kwa mgongo. Alama husemwa kama inavyoonekana ukiwa umeikabili sura ya stempu. Ukiigeuza, herufi zinageuka nawe. Hii iko sawasawa."

Kisha akanionyesha yake iliyogeuka kweli: ukiilaza kifudifudi kichwa cha mfalme kikiwa juu, mataji yamesimama kichwa chini miguu juu. Tofauti hiyo iandike ndani ya jalada la albamu yako. Ukiona kutoka mgongoni A imetangulia C na mataji yamesimama, hiyo ni ya kawaida. Ukiona C imetangulia A na mataji yamesimama, hapo una haki ya kushangaa. Mataji yakiwa chini juu, au yamelala ubavu, andika pembeni, kisha hakikisha hukuishika stempu yenyewe vibaya.

Ukitoka kwenye mataji, pwani yetu ina mengine. Mimi kipenzi changu ni waridi. Stempu za Zanzibar za Sultan Hamed bin Thuwaini zilizotoka 1896 zina waridi moja, na zilizofuata 1898, zenye sura yake ileile, zina mawaridi mengi madogo. Alama ya waridi iliendelea kwa masultani waliomfuata, mpaka stempu za Sultan Khalifa bin Harub za 1913 zilipoingia kwenye mataji ya CA. Ukikuta stempu ya India iliyochapwa juu yake British East Africa, ya 1895, mara nyingi utaona nyota. Na zile za Ujerumani zenye picha ya meli ya Kaiser, mfalme wao, zilizoandikwa Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, za mwanzo hazina alama yoyote, za baadaye zina vimiraba vilivyosimama kwa pembe. Meli ni ileile.

Kuna mahali alama ya maji haikusaidii. Wajerumani walifungua posta hapa Lamu 1888, wakaifunga 1891, na nyumba yenyewe leo ni makumbusho kwenye njia kuu ya mji. Stempu walizotumia ni za kawaida za Ujerumani na karatasi yake haina alama. Kinachoifanya iwe ya Lamu ni muhuri tu. Kwa hiyo ukipata kipande chenye muhuri wa LAMU, ya enzi yoyote, usikimbilie bakuli la maji.

Hilo linanirudisha kwenye kasha la bibi. Kuna bahasha moja kutoka Unguja aliyoandikiwa baba yake, ina stempu ya Sultan Khalifa bin Harub, muhuri wa Zanzibar mbele na wa Lamu nyuma. Sultani huyo yumo katika mataji yenye herufi wima na pia katika yale yenye herufi za mwandiko. Kama tarehe ingekuwa ya 1918, mathalan, ningejua bila kuibandua, maana herufi za mwandiko zilikuwa hazijaanza. Lakini wino umefifia: 19 iko, 2 nadhani iko, ya mwisho haisomeki. Nimejaribu kuingiza mwanga kwa ndani ya bahasha, karatasi ni nzito mno. Kuibandua ni kazi ya nusu saa, na ningepata jibu.

Siibandui. Jina la babu yangu liko pale, kwa mwandiko wa ndugu yake, na mihuri miwili inaonyesha njia barua ilikopita. Kwenye ukurasa wa albamu, chini ya bahasha, nimeandika kwa penseli: "Mataji, herufi hazijulikani."