Ramu ya miaka 12: ionje kavu, halafu tafuta ndimu

Omera, umeuliza kama hiyo ramu ya Jamaica, Appleton ya miaka 12, shemeji amekuletea uinywe kavu ama uchanganye, na naona wasee washakwambia kuchanganya ni dhambi. Mimi nakataa, na nina sababu.

Krismasi iliyopita hapa Kisumu tulikuwa na chupa mbili mezani, Appleton kama yako na Diplomatico ya Venezuela, tukaamua kuzipimanisha. Kosa la kwanza ni langu, nilizamisha pua kwa glasi vile mtu hunusa maziwa kujua kama yameharibika, sasa hiyo kitu ni asilimia 43, machozi ilinitoka watu wakacheka. Wewe mimina kidogo tu, iache kama dakika kumi, nusa kwa mbali mdomo ukiwa wazi kiasi. Ukishaonja ongeza matone ya maji, nimesema matone, utaona harufu inafunguka. Barafu ngoja kwanza, baridi inaficha harufu.

Kavu, Diplomatico ilishinda mapema sana. Laini, tamu, hadi mke wangu mwenye hataki pombe kali alirudisha glasi aongezewe. Appleton ilikuwa inakwaruza kidogo, maganda ya chungwa, mbao, na harufu fulani naijua lakini haikuji, nikalala nayo. Kesho yake ndio nikakumbuka, ni ile ya kupita kiwanda cha sukari cha Muhoroni madirisha ya matatu yakiwa wazi. Molasi! Na si ndio ramu nyingi hutengenezwa nayo, ile uji mweusi inabaki sukari ikishatolewa kwa miwa.

Sasa mambo iligeuka tulipoleta ndimu. Mililita 60 za ramu, 30 za maji ya ndimu, 20 za sukari iliyoyeyushwa kwa maji nusu kwa nusu, barafu, tukasukasua kwa chupa ya jemu juu vyombo vya baa hatuna. Hiyo ndio dakiri ya Wakuba. Diplomatico ilipotea kabisa, ukaskia tu ndimu na sukari. Appleton ikasimama, molasi na mbao zote ziko pale. Nilikuja kuelewa baadaye, ya Venezuela hutiwa utamu, Jamaica sheria yao hairuhusu, kwa hivyo ule ulaini nilikuwa nasifu kumbe mwingi ni sukari, na kwa kinywaji chenye tayari kina sukari yake, itaonekana wapi?

Tukamalizia na dawa, ile ya ndimu na asali, tukatoa vodka tukaweka Appleton na asali tukapunguza. Hiyo ndio ilikuwa bora usiku mzima, heri nisiseme ngapi zilienda.

Koka sasa, hapana. Utaskia koka pekee yake. Joto la Jamaica hunyonya kama asilimia 6 ya pipa kila mwaka, ikifika miaka 12 pipa limebaki nusu hivi, na hiyo 12 ni umri wa ile changa kabisa ndani ya chupa, zingine ni wazee kuliko hapo. Kwa koka nunua ya bei ya chini, hakuna mtu atajua.

Na chupa ikibaki robo imalize, usiiweke kabatini mwaka mzima, hewa itaikula ladha.