Maswali ya Wasomaji: Ikiwa Taarifa Zangu ni Mali, Mbona Silipwi?

SWALI: Ndugu Mhariri, kila mara nasoma kwamba kampuni za intaneti zinauza taarifa zetu, na kwamba hivyo ndivyo tunavyozilipia huduma tunazoziita za bure. Mimi ni mtu wa kawaida, sina siri ya kuficha, na ramani, barua pepe na mtandao wa kijamii vinanifaa kila siku. Sioni hasara. Lakini ikiwa taarifa zangu zina thamani kweli, ni kiasi gani, na kwa nini nisilipwe mwenyewe?

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na neno "kuuza", maana linapotosha kidogo. Kampuni kubwa za mitandao ya kijamii na za kutafutia habari kwa kawaida hazimkabidhi mwenye tangazo daftari lenye jina lako na mambo uliyoyatafuta, kwa kuwa kufanya hivyo kungekuwa kugawa mtaji wao. Kinachouzwa ni nafasi ya kukufikia: mwenye tangazo hueleza aina ya watu anaowataka, tuseme wazazi wa watoto wachanga, na kampuni, ambayo ndiyo inayokujua, huliweka tangazo mbele ya macho yako.

Nje ya kampuni hizo mambo ni mengine, na kwa maoni yangu ni mabaya zaidi. Unapofungua ukurasa wenye nafasi ya tangazo, mara nyingi nafasi hiyo hupigwa mnada wakati ukurasa ungali unafunguka, kwa muda usiofika hata sekunde moja. Na ili wanunuzi wajue wanagombea nini, hutumiwa maelezo kukuhusu, kama vile aina ya simu yako, mahali ulipo kwa makadirio, ukurasa unaousoma, na namba ya utambulisho inayoweza kukuunganisha na uliyoyasoma jana. Anayeshinda mnada ni mmoja, lakini maelezo yamewafikia wengi, wakiwemo walioshindwa.

Kuhusu thamani, tunazo takwimu za kampuni mojawapo, Meta, inayomiliki Facebook. Katika miezi mitatu ya mwisho ya mwaka 2023, Meta ilipata wastani wa dola 68.44 kwa kila mtumiaji wa Facebook katika Marekani na Kanada, dola 23.14 barani Ulaya, dola 5.52 katika Asia na Pasifiki, na dola 4.50 katika sehemu nyingine zote za dunia, na karibu fedha zote hizo zilitokana na matangazo. Mtu wa Marekani hana siri mara kumi na tano zaidi ya mtu wa sehemu hizo nyingine. Mwenye tangazo hulipia uwezo wako wa kununua, na maisha yako ni njia tu ya kuukadiria.

Sasa, kwa nini usilipwe? Jibu la kibiashara ni kwamba taarifa za mtu mmoja ni haba. Thamani yake huzaliwa zinapolinganishwa na za mamilioni ya wengine, na katika dola hizo mna gharama za mitambo na mishahara. Hata hivyo, jibu hilo halinitoshelezi. Mwezi Novemba 2023 Meta ilianza kuwatoza watumiaji wa Ulaya wasiotaka matangazo euro 9.99 kwa mwezi kwenye kivinjari, na euro 12.99 kwenye simu. Ukizidisha mara tatu ile bei ndogo unapata karibu euro 30 kwa miezi mitatu, kiasi kinachozidi wastani ambao kampuni ilikuwa ikiupata kwa mtu wa Ulaya kwa muda uleule. (Ulinganisho huu ni wa juujuu, kwa sababu hesabu ya Ulaya inajumuisha pia nchi zisizo za Umoja wa Ulaya.) Mwezi Aprili 2025 Tume ya Ulaya iliitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni 200, ikisema kwamba watumiaji hawakupewa njia ya kupata huduma ileile kwa kutumia taarifa zao chache zaidi.

Unasema huna siri, nami nakuamini. Lakini sarafu ukishaitoa mkononi, malipo yamekwisha, ilhali taarifa hubaki kwa aliyeipokea na kutumiwa kwa mambo ambayo siku ya kubofya "nakubali" hayakuwepo hata katika mawazo. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, tena na muuzaji ambaye naye bado hajui atakuja kutia nini humo. Zaidi ya hayo, hulipi kwa mali yako peke yako. Katika kashfa ya Cambridge Analytica (kampuni ya ushauri wa kampeni za siasa) iliyofichuka mwaka 2018, programu ya maswali ya haiba iliyopakuliwa na watu wapatao 300,000 ilichota taarifa za watu wanaofikia milioni 87, kwa sababu iliruhusiwa kuwafikia marafiki wa waliojibu. Wengi wa hao hawakujibu swali hata moja.

SWALI: Nilizungumza na dada yangu kuhusu magodoro bila kutafuta chochote kwenye simu, na jioni yake nikaletewa tangazo la magodoro. Je, simu inanisikiliza?

JIBU: Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, walichunguza programu zaidi ya 17,000 za simu za Android na mwaka 2018 wakaeleza kwamba hawakukuta hata moja iliyowasha kipaza sauti kwa siri na kutuma maongezi, ingawa walikuta baadhi zikirekodi kinachoonekana kwenye skrini. Yaelekea dada yako ndiye aliyetafuta magodoro, na ikiwa mnatumia intaneti moja nyumbani, mitambo imekwisha kuwaweka ninyi wawili katika kapu moja. Kwangu mimi jambo hili linatisha kuliko kusikilizwa.

SWALI: Je, kukataa kufuatiliwa kunasaidia chochote?

JIBU: Kunasaidia, ijapokuwa matangazo hayatapungua, yatakuwa tu hayakulengi sana. Mwaka 2021 Apple ilizilazimisha programu za iPhone kuomba ruhusa kabla ya kumfuatilia mtu katika programu na tovuti za kampuni nyingine, na watu wengi wakakataa. Meta ilikadiria kwamba badiliko hilo lingeipunguzia mapato ya mwaka 2022 kwa takriban dola bilioni 10. Kwenye simu yako, ingia katika mipangilio ya faragha, ufute kitambulisho cha matangazo (ile namba ya kuitambulisha simu yako kwa watangazaji) au uzime ufuatiliaji, kisha upitie programu moja baada ya nyingine na kuzinyima ruhusa ya kujua mahali ulipo zile zisizoihitaji. Tochi, kwa mfano, haiihitaji.