Kabla hujainua pikapu: maswali ya wasomaji kutoka Molo hadi Budalangi

Mvua ya masika ikishika, maswali ninayoletewa huwa ya aina moja: gari limekwama, gari linaburura tumbo, niliinue kwa kiasi gani? Nimechukua machache ninayoona yanawagusa wengi, na nimekaa zaidi kwenye yale ambayo kosa lake huumiza watu.

Ninalima viazi Molo. Hilux yangu ya 2010 nikiipakia magunia 30 ya kwenda Nakuru, mkia unashuka hadi bamba za springi zinagonga chesisi. Fundi anataka kuiinua inchi nne. Nikubali?

Usikubali, ndugu yangu. Tuanze na mzigo wenyewe. Magunia 30 ya kilo 50 ni kilo 1,500, na gari hilo limeundwa kubeba tani moja hivi, ukijumlisha na watu waliokaa ndani. Springi nzito zaidi haziongezi hata kilo moja kwenye uwezo huo, kwa sababu ekseli, beringi, breki na chesisi ni zile zile. Zinachofanya ni kuficha mzigo: mkia unakaa juu, nawe unaamini gari limeweza, huku chesisi ikijipinda polepole nyuma ya kebini. Punguza hadi magunia 18, ufanye safari mbili.

Baada ya hapo tuzungumzie springi. Zako zina zaidi ya miaka kumi, na huenda zimechoka tu. Chukua futi, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne, gari likiwa tupu. Andika. Pakia mzigo wako wa kawaida, pima tena. Kama kushoto na kulia zinapishana sana, kuna bamba lililovunjika au lililolala, na hilo linabadilishwa kabla ya kufikiria kuinua chochote. Vipimo hivyo uende navyo dukani. Mwuzaji anayeijua kazi yake atakuuliza gari hubeba kilo ngapi siku nyingi za wiki, na kama mbele kuna bampa ya chuma au winchi. Anayetaja bei kabla ya kuuliza hayo, mwache.

Swali hilo lina maana kwa sababu bamba huuzwa kwa madaraja ya mzigo. Kuna za gari linalotembea karibu tupu, kuna za mzigo wa kiasi usioshuka, na kuna za gari linalobeba uzito mkubwa kila siku. Ukichukua zile nzito zaidi kwa kudhani ndizo bora, siku utakayorudi Molo bila viazi gari litarukaruka kwenye kila tuta, na barabara ya mawe ikiwa na mawimbi mkia utakuwa unahama upande kwenye kona. Wewe unaenda na mzigo na kurudi mtupu, kwa hiyo chukua daraja la kati, pamoja na shokabsoba zilizotengenezwa kwenda na bamba hizo. Springi mpya juu ya shokabsoba kuukuu ni pesa iliyotupwa.

Na inchi nne? Mbele ya Hilux hiyo kila gurudumu linapanda na kushuka kivyake, na shafti inayolizungusha inatoka kwenye difu, yaani sanduku la gia linalogawia magurudumu nguvu, iliyofungwa kwenye chesisi. Ukiinua gari, difu inapanda, gurudumu linabaki chini, na shafti inakaa kimshazari. Hadi inchi mbili, yaani milimita 50, sivi jointi, viungo vya kupindika vya shafti hiyo, huvumilia. Zaidi ya hapo mpira wake hukunjana na kupasuka, grisi ikamwagika na mchanga ukaingia. Boljointi, viungo vya mviringo vinavyoshika gurudumu, nazo hufika mwisho wa mwendo wake, na alainimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu, inakataa kabisa. Ukitaka inchi nne kwa usalama ni lazima ubadilishe mikono ya juu inayoshika magurudumu na kuishusha difu. Kwa kazi ya viazi sioni sababu hata moja ya kuingia gharama hiyo.

Niko Ahero, D-Max ya 2015. Udongo mweusi unaninasa kila msimu. Nikiinua inchi mbili, sitakwama tena?

Utakwama bado, mzee wangu, ila utakwama umbali kidogo mbele. Springi huinua chesisi, injini, kebini na bampa. Haziinui difu ya nyuma, ambayo imelala kwenye ekseli moja na magurudumu, na difu hiyo ndiyo inayolima tope la Kano kama jembe. Kitu pekee kinachoipandisha ni tairi kubwa.

Twende kwa hesabu. Tairi ya 245/70R16 ina kimo cha milimita 749 hivi, na ile ya 265/70R16 ina 777. Tofauti ni milimita 28, na nusu yake, 14, ndiyo nafasi unayopata chini ya difu. Inaonekana ndogo. Lakini upana na meno ya tairi ya matope hukusaidia kwenye udongo mweusi kuliko mwinuko wowote, kwa sababu udongo ule hujaza meno ya tairi ya lami hadi ikawa kama mpira laini. Kumbuka tu kwamba kipimamwendo kitadanganya: kikikuonyesha 100, unaenda karibu 104.

Kwa hiyo agizo langu kwako ni tairi kwanza. Halafu, ukiona tairi mpya inakwaruza madigadi ukikata kona, inua kwa kadiri ya kuipa nafasi. Wengi hufanya kinyume, wakabaki na gari refu linalokwama pale pale.

Mimi ni mwalimu Kakamega. Nimeambiwa spesa za bei nafuu zinafanya kazi ile ile ya seti nzima ya springi na shokabsoba. Kweli?

Kimo zitakupa, Mwalimu. Spesa ni kipande kinachokaa juu ya springi ya koili ya mbele, na kwa sababu springi iko karibu na katikati ya mkono wa chini, spesa ya milimita 25 huinua gari karibu 50. Mtu asiyejua hununua ya 50 akidhani anapata 50, akaamka na gari lililopanda karibu inchi nne na sivi jointi zinalia.

Ila springi na shokabsoba ni zile zile. Ulaini hauongezeki, uwezo wa kubeba bampa nzito hauongezeki, na mwendo wa gurudumu kushuka shimoni unapungua, ndiyo maana wengine husikia kishindo mbele wakivuka tuta kwa kasi. Kama shokabsoba zako bado ni nzima, unatembea kwenye lami na unataka tu pua ilingane na mkia, spesa ndogo haina ubaya. Kama barabara yako ya kila siku ni mawe na mashimo, kusanya pesa polepole ununue seti.

D-Max yangu ya 2009, hapa Kitale. Fundi alikaza bolti mbili chini, mbele ikapanda bila kununua chochote. Ila sasa inagonga vibaya.

Gari hilo mbele halina koili. Lina nondo mbili ndefu za chuma zinazojipinda, na bolti alizokaza huzungusha nondo hizo. Hazijawa na nguvu zaidi. Gurudumu ndilo limesukumwa chini karibu na kikomo chake, kwa hiyo likikuta shimo halina pa kushukia. Mwambie azilegeze hadi lirudi karibu na kimo chake cha kiwandani, kisha upime alainimenti wiki hiyo hiyo kabla tairi hazijalika upande mmoja.

Kisumu. Tangu niinue nyuma, breki zimekuwa dhaifu nikiwa na mzigo. Fundi anasema nitazoea.

Usizoee. Tafadhali egesha gari hilo leo.

Pikapu nyingi zina vali ya breki kwenye chesisi karibu na ekseli ya nyuma, yenye kijiti kilichounganishwa na ekseli. Ukipakia, chesisi inashuka, kijiti kinasogea, na vali inaruhusu breki za nyuma kupata nguvu zaidi. Ukiinua gari bila kurekebisha kijiti, vali inaamini gari ni tupu siku zote. Breki za nyuma zinanyimwa nguvu hata ukiwa umebeba tani.

Ninalijua hili kwa mwili wangu. Niliwahi kurefushiwa sheko za nyuma, vile vipande vinavyounganisha bamba za springi na chesisi, kwenye gereji moja, na hakuna aliyegusa kijiti. Nikateremka Riat kuelekea Mamboleo na saruji nyuma, manyunyu yanaanguka. Nilikanyaga breki, pua ikainama, magurudumu ya mbele yakajifunga na gari likateleza kuelekea matatu iliyokuwa ikishusha abiria. Lilisimama hatua chache tu kutoka kwa mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni. Sijamsahau mpaka leo, na ndiyo maana swali hili silipiti haraka.

Dawa yake ni ndogo: kipande cha chuma cha kurudisha kijiti kwenye pembe yake ya awali, au kurekebisha vali yenyewe. Baadhi ya magari yenye ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga, hugawa breki kwa kompyuta na hayana kijiti hicho, basi mwambie fundi aingie chini akuonyeshe la kwako lina nini. Akiwa huko, aangalie pia paipu za mpira za breki. Gurudumu likining'inia kabisa, paipu isiwe imevutika.

Baada ya kuinua, gari linatetemeka nikianza kuondoka, kisha linatulia. Ni giaboksi?

Mara nyingi si giaboksi. Propela shafti ndefu ina beringi ya katikati, na mkia ukipanda pembe ya shafti hubadilika. Fundi aishushe beringi hiyo milimita chache kwa spesa zake, na mtetemo hupungua au kuisha.

Bima na NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, watasema nini?

Iandikie kampuni yako ya bima kabla ya kazi, ueleze unabadilisha nini, na utunze jibu. Mabadiliko uliyoyaficha yanaweza kuwapa sababu ya kukataa fidia. Pikapu ya biashara hukaguliwa, kwa hiyo tunza pia risiti ya vipuri na karatasi ya alainimenti.

Nasafirisha samaki Budalangi hadi Busia. Nimefungiwa seti ya inchi mbili jana. Kuna la kufanya sasa?

Lipo, mama. Kwanza muulize fundi kama bolti za bushi, ile mipira ya viungo vya springi, alizikaza gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Kama alizikaza likiwa limening'inia kwenye jeki, bushi zimekaa zikiwa zimejipinda na zitachanika mapema. Azilegeze na kuzikaza upya. Hakikisha pia alifunga yubolti mpya, zile bolti za umbo la U zinazoshika bamba kwenye ekseli, kwa sababu za zamani zimeshavutika.

Usiku wa leo simamisha gari mbele ya ukuta uone taa zinapiga wapi. Pua ikiwa imepanda, unawapofusha wanaokuja, basi zishushwe. Kwenye kona punguza mwendo kuliko ulivyozoea, hasa ukiwa na mapipa ya barafu, maana uzito wako sasa uko juu zaidi. Na ukifika kilomita 500, rudi gereji ile ile yubolti zikazwe tena, kabla hujapakia samaki wa siku hiyo.