Taktsang: pango la maporomoko ambalo wengi hulipita

Wengi wanaopanda hadi Paro Taktsang, hekalu la Kibuddha lililoning'inia gengeni huko Bhutan, hulipita pango dogo lililo karibu na daraja, pale maji yanapoporomoka kama mita 60. Ni Singye Pelphug, Pango la Simba wa Theluji, ambalo mapokeo hulihusisha na Yeshe Tsogyal, mwanafunzi wa Guru Padmasambhava, mwalimu mkuu wa Kibuddha wa kale. Hekalu lenyewe lilijengwa mwaka 1692, likaungua 1998, likajengwa upya. Ni zuri, lakini lina foleni. Anayetaka utulivu ajiwekee nusu saa ya pangoni.

Hesabu inayowaponza watu ni ya ngazi. Kutoka maegesho, kwenye mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi hekaluni, mita 3,120, mtu wa kawaida hutumia saa mbili mpaka tatu. Ukifika mahali pa kupigia picha, hekalu liko mbele yako na unadhani safari imekwisha. Bado. Unashuka ngazi hadi kwenye maporomoko, kisha unapanda tena hadi langoni, zote pamoja zaidi ya 700, na wakati wa kurudi unazirudia. Kwa hiyo usimalize nguvu wala maji ya kunywa kwenye njia ya msituni. Farasi hawatakuokoa: hupandisha watu sehemu ya kwanza tu, na kushuka ni kwa miguu.

Anza kupanda saa moja asubuhi. Hekalu hufungwa mchana, kuanzia saa saba hadi saa nane, na anayechelewa hubaki kukaa nje akipigwa na baridi. Tiketi inunuliwe chini kabisa, langoni haiuzwi. Mgeni wa kutoka Afrika Mashariki hulipa pia ada ya serikali, dola 100 za Marekani kwa kila usiku, na lazima awe na mwongozaji.

Usipande siku ile ile uliyotua Paro. Uwanja wa ndege wenyewe uko juu ya mita 2,200, na kichwa kinachouma jioni ya kwanza kitauma zaidi gengeni. Pumzika siku mbili hivi.

Karibu na maporomoko mawe hulowa mwaka mzima, na miezi ya baridi huota barafu. Raba zilizolika soli ni hatari hapo. Ngazi ya kuingilia pangoni ni nyembamba na ya mwinuko mkali, basi ingieni wachache wachache. Vaa suruali ndefu na shati la mikono mirefu. Soksi nene zinafaa, maana viatu huvuliwa mlangoni na sakafu ni baridi kama bati la alfajiri. Simu, kamera na begi huachwa kwenye makabati ya langoni kabla ya kuingia hekaluni, hivyo weka noti ndogo za sadaka mfukoni mapema.

Ukikuta pango limefungwa, usibishe hodi. Huenda mtawa yuko ndani kwenye tafakuri.