Barua kwa mwanangu: uliniuliza ushike sikukuu ipi

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na swali lako pia. Umesema kazi ya huko Nairobi haikupi ruhusa ya kutosha, kwa hiyo kati ya sikukuu zetu zote sisi Wayahudi unataka kujua ushike ipi kama huwezi kushika zaidi ya moja. Usiku uleule nilianza kukujibu. Nikaandika Yom Kipuri, siku yetu ya kufunga na kuomba msamaha, nikafuta. Nikaandika Pasaka, nikafuta tena.

Pasaka nina sababu yake. Unajua babu yako alivyokuwa akiisimulia ile ya 1979: Kampala imeanguka tarehe 11 Aprili, na jioni hiyohiyo ndio usiku wa kwanza wa Pasaka! Mbale ilikuwa bado na askari wa Amin, kwa hiyo tuliimba kwa kunong'ona, mikate isiyotiwa chachu ikiwa bado ya moto, na mzee akilia bila kujificha. Usiku ule siujui mfano wake.

Lakini kila nikifikiria sikukuu, kinachonijia kwanza ni kikombe cha bati.

Ilikuwa Yom Kipuri ya 1977. Dini yetu ilikuwa imepigwa marufuku na Amin, na bibi yako alikuwa akiwasha taa za Sabato chumba cha ndani, gunia dirishani. Shule hatukuthubutu kukosa, maana kukosa siku ile kungetutaja. Nilikuwa na miaka 10. Sheria haimlazimu mtoto wa umri huo kufunga, lakini mimi na baba yako mdogo wa Jinja, wa nyumba nyingine ya ukoo wetu, tuliapiana njiani kwamba hatuli wala hatunywi mpaka nyota zitoke.

Saa nne uji ukaletwa. Mwalimu mmoja, nadhani alishasikia maneno, akatuita mbele sisi wawili na kututia vikombe mkononi. Ulikuwa wa moto hata ukingo wa bati uliniunguza mdomo. Nikanywa wote. Mwenzangu alikishika tu, macho chini. Mwalimu akaniuliza, "Huyu vipi?" Nikasema, "Sisi kwetu ni Waprotestanti. Wao ndio Wayahudi."

Habari za kwetu hakuwa ameniuliza. Nilizitoa mwenyewe, na juu yake nikamtoa ndugu yangu. Alichapwa mbele ya shule nzima. Jioni tulirudi njia moja, yeye mbele, mimi nyuma, hakuna aliyesema neno.

Nyumbani nilimwambia babu yako kwamba nimekunywa uji. Uji tu. Akaniwekea mkono kichwani, akasema mtoto wa miaka 10 hana hatia. Kwa hiyo nilisamehewa lisilokuwa kosa, na lile lenyewe nikalala nalo.

Ndiyo maana nimewaambia tangu mko wadogo, na leo narudia: kufunga bila kupatana ni njaa tu. Mishna, mafundisho ya sheria ya wazee wetu, inasema wazi kwamba makosa ya mtu kwa Mungu, Yom Kipuri huyafuta. Makosa ya mtu kwa mwenzake haiyafuti mpaka amwendee amridhishe. Mwezi wa Eluli, wa mwisho kabla ya Mwaka Mpya wetu, tumepewa kwa kazi hiyo. Siku 29, baragumu linalia asubuhi baada ya asubuhi isipokuwa Sabato na siku ya mwisho, ili ukifika Mwaka Mpya uwe umeshabisha hodi kwenye milango uliyokuwa ukiikwepa.

Mimi mlango wa Jinja niliukwepa miaka zaidi ya 30. Nilipokwenda nilimkuta uani anachambua maharage. Nikasema yote. Akanisikiliza, kisha akasema, "Ndugu yangu, hayo ya shule siyakumbuki. Ngoja tule." Lakini nilipotaja kikombe, niliuona mkono wake umesimama ndani ya ungo.

Tangu 1977 hakufunga tena. Wakati mwingine najiambia huyo ni Amin, si mimi. Wengi waliiacha dini miaka ile, tukabaki mia chache. Kisha najiuliza, Amin alikuwa darasani? Na mtu akisema hakumbuki, amesamehe au amekataa? Sijui, mwanangu. Nimefunga Yom Kipuri nyingi juu ya jibu hilo, na kufunga bila kupatana ni njaa tu.

Haya, swali lako. Hanuka na Purimu kazi haikatazwi, kwa hiyo huhitaji ruhusa ya mtu. Mishumaa ya Hanuka unaiwasha ukitoka kazini. Sikukuu ya Vibanda ukiweza njoo, migomba ya kuezekea kibanda ipo na mgongo wangu haupandi tena ngazi. Kuhusu ile moja, kalamu inaniwasha kukutajia, nawe umeshaona mara mbili nilichoandika nikafuta. Sikutajii. Kazi unayoijua ni wewe, na watu uliokosana nao unawajua wewe. Yule wa nyumba mliyokuwa mkiishi pamoja, kwa mfano, ambaye siku hizi humtaji. Simsemi zaidi.

Eluli ukiandama nakwenda tena Jinja. Ukipata siku mbili, teremkia Mbale kwanza, twende wote.

Baba yako