Mwanangu ni mfupi, au chati ndo si yake?

SWALI: Habari dokta, kijana wangu ana miaka 8, shuleni wamempima wakasema ana sentimita 119 na yuko chini ya wastani. Hiyo chati ya ukuaji si ya watoto wa Wazungu? Kwa nini tusiwe na ya kwetu? Silali.

JIBU: Pole mama. Swali lako ni la msingi kabisa, maana chati ya Shirika la Afya Duniani ya miaka 5 hadi 19, ya mwaka 2007, kwa sehemu kubwa imetokana na vipimo vya watoto wa Marekani, tofauti na ile ya chini ya miaka 5 ya 2006 iliyopima watoto wa nchi 6, Ghana ikiwemo. Kuna nchi zimetengeneza za kwao, na mi naziunga mkono, ila kama watoto wengi walidumaa utotoni basi chati ya hapo itauita udumavu kawaida, hapo lazima tuwe makini sana.

Kwenye hiyo ya 2007 mvulana wa miaka 8 wa katikati ana kama sentimita 127, mstari wa tahadhari uko 116, kwa hiyo wako yupo ndani. Cha muhimu ni mwendo wa kukua. Mpime asubuhi maana jioni mtu hupungua kidogo, avue viatu, visigino viguse ukuta, weka kitabu kichwani kikiwa kimelala sawasawa, chora kwa penseli, rudia baada ya miezi 6. Umri huu huongeza kama sentimita 5 au 6 kwa mwaka, akiongeza chini ya 4 kwa mwaka mlete hospitali hata kama chati inasema yuko sawa.